"Kadenge na Mpira": Mcheza Kwao Hutuzwa au Hutunzwa?

Utangulizi

Mji wa Hola uko kando ya mto Tana na ndio makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Anayesafiri kwa barabara kutoka huko hadi Nairobi hukata zaidi ya kilomita 400, ama apitie Garissa ama ateremke Garsen na Malindi kisha azunguke kupitia Mombasa. Katika miaka ya 1960 safari hiyo ilikuwa ya taabu kuliko ilivyo leo, hasa majira ambayo mto ulifurika na kukata njia. Kwa hiyo mkazi wa Hola wa zama hizo aliyependa kandanda hakuwa na namna nyepesi ya kumwona Joe Kadenge akicheza jijini. Njia iliyokuwa karibu naye ilikuwa kumsikia.

Jina la Hola lenyewe lilienea nchini kwa sababu nyingine kabisa. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa na askari wa gereza la Hola, nayo serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba vifo hivyo vilihusiana na maji waliyokunywa. Uongo huo haukudumu. Katika miaka ileile ambayo Hola ilikuwa ikiingia katika kumbukumbu ya Wakenya kwa njia ya msiba, kijana mmoja wa Maragoli alikuwa akiingia katika kumbukumbu hiyo kwa njia ya furaha. Wengi waliolitaja jina la Hola hawakupata kufika Hola, na wengi waliolitaja jina la Kadenge hawakupata kumwona Kadenge. Majina yote mawili yalienezwa na maneno.

Makala haya yanaeleza mambo matatu. Kwanza, yanaeleza kwa ufupi Kadenge alikuwa nani. Pili, yanachambua tungo ya "Kadenge na mpira" na kuonyesha kwa nini ilinasa katika masikio ya watu, wakiwemo wale waliokuwa mbali na viwanja. Tatu, yanaangalia maisha ya mchezaji huyo baada ya uwanja na kuyapima kwa methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu: mcheza kwao hutuzwa. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha ilimpa Kadenge makao ya kudumu mapema sana, ilhali jamii iliyoitumia lugha hiyo ilichelewa kumtazama mtu mwenyewe.

Mchezaji

Joe Kadenge alizaliwa mwaka 1935 huko Maragoli, sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Alikuwa mshambuliaji. Aliichezea Maragoli United, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuingia katika timu ya taifa. Wakati huo mashindano makubwa ya kanda yalikuwa Kombe la Gossage, lililoanzishwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, kisha Tanganyika na Zanzibar zikajiunga katika miaka ya 1940. Kombe hilo lilipewa jina la mtengenezaji sabuni aliyelidhamini. Ndilo lililokuja kubadilika hatua kwa hatua likawa mashindano ya Afrika Mashariki na Kati ambayo wasomaji wa leo wanayajua kwa jina la CECAFA.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963. Mwaka uliofuata, timu kadhaa za watu wa magharibi zilizokuwa zikicheza Nairobi ziliungana kuwa timu moja iliyoitwa Abaluhya, na Kadenge akawa nyota wake mkubwa. Abaluhya ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1966. Historia ya jina la timu hiyo ni somo dogo la isimujamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, herufi za AFC zilibaki palepale lakini zikapewa tafsiri mpya isiyotaja kabila. Timu hiyo ndiyo AFC Leopards. Herufi zilitii amri, na mashabiki wakaendelea kuifahamu timu yao.

Sifa ya Kadenge ilikuwa chenga. Alikuwa mchezaji wa kuusogeza mpira miguuni mwake mwenyewe, akimvuta beki, akimpita, kisha akimtafuta mwingine. Jambo hili lina uzito katika uchambuzi utakaofuata. Mchezaji anayepiga pasi mara apatapo mpira hutajwa mara moja na mtangazaji, kisha hutajwa mwingine. Mchezaji anayekaa na mpira humlazimu mtangazaji kukaa na jina lake.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba huo haukuwa wakati wa mishahara ya uwanjani. Wachezaji wa kizazi cha Kadenge walikuwa na kazi za kawaida za kujipatia riziki, na mpira ulichezwa baada ya kazi. Hapakuwa na mikataba ya kulipwa wala akiba ya uzeeni iliyotokana na kandanda. Umati uliojaa uwanjani ulilipa kiingilio, ukashangilia na kurudi nyumbani.

Mtangazaji

Mwaka 1964 shirika la utangazaji la Kenya lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989. Mwaka huohuo wa 1964 alijiunga nalo kijana aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940, Leonard Mambo Mbotela, ambaye ukoo wake ni wa Freretown, makazi ya watumwa walioachiliwa huru katika karne ya 19. Wengi wanamkumbuka kwa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" alichokianzisha mwaka 1966, na kwa asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 alipolazimishwa na wanajeshi waasi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Lakini wapenzi wa kandanda wanamkumbuka kwa sauti yake ya uwanjani. Yeye ndiye anayenasibishwa na tungo ya "Kadenge na mpira".

Kazi ya mtangazaji wa mpira redioni ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mtangazaji wa televisheni anaweza kunyamaza, picha ikasema. Mtangazaji wa redio akinyamaza, mchezo umekufa. Anapaswa kumwambia msikilizaji mambo mawili kwa wakati mmoja, nani anao mpira na uko sehemu gani ya uwanja, na ayaseme kabla mpira haujahama. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hubeba viambishi vya nafsi, njeo na yambwa, na kila kiambishi ni silabi inayodai nafasi yake. Mtangazaji akisema "Kadenge ameupata mpira kutoka kwa mwenzake", huenda afikapo mwisho wa sentensi mpira uko kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana sajili ya utangazaji wa mpira, kama ilivyo sajili yoyote ya watu walio mbioni, hupenda udondoshaji.

Uchambuzi wa tungo

Mwanafunzi wa ushairi anaweza kuipima tungo hii kwa mizani. Sentensi "Kadenge ameupata mpira" ina mizani 11. "Kadenge ana mpira" ina mizani 8. "Kadenge na mpira" ina mizani 7 tu: Ka-de-nge-na-m-pi-ra. Zaidi ya ufupi, kuna mpangilio. Jina lina silabi tatu, nomino ina silabi tatu, na katikati imesimama silabi moja ya "na". Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo katika "Kadenge" unaangukia "de" na katika "mpira" unaangukia "pi". Mikazo hiyo miwili imekaa kwa umbali uleule kutoka kwenye "na". Ukiirejesha "ana" mahali pake, unaongeza mkazo wa tatu katikati na mwendo unakuwa mzito. Tungo ilivyo inaweza kupigiwa makofi, na umati hupenda maneno yanayoweza kupigiwa makofi.

Jambo la pili ni la kisarufi. Katika Kiswahili sanifu, umiliki wa kawaida huelezwa kwa "kuwa na": ninacho, tunao, ana mpira. Hapo mzungumzaji husema kwamba mtu yuko pamoja na kitu. Mtangazaji alipoidondosha nafsi na kubakiza "na" peke yake, alizua utata. Je, "na" hiyo ni ya umiliki, yaani Kadenge anao mpira? Au ni ya uambatani, kama katika "Amina amekuja na mwanawe"? Au ni kiunganishi tu, kama katika "Juma na Amina"? Muktadha wa uwanjani unachagua maana ya kwanza bila shida. Nje ya uwanja, maana zote tatu zinabaki wazi. Tungo ikisomwa kama kiunganishi, Kadenge na mpira ni wawili walio sawa, kama majina ya wahusika katika kichwa cha hadithi. Ni rahisi kuona kwa nini watu waliendelea kuitamka hata baada ya kipenga cha mwisho: haisemi tu kwamba fulani anao mpira kwa sasa, bali inawaweka mtu na mpira kama jozi.

Jambo la tatu linahusu msikilizaji, na hapa tunarudi Hola. Bonde la Tana ni eneo la lugha nyingi. Kipokomo ni lugha ya kundi la Kisabaki, kundi lililo na Kiswahili chenyewe pamoja na Kimijikenda na Kikomoro. Kiorma ni lugha ya Kikushi, isiyokuwa na ngeli za Kibantu. Wote hao, redioni, walikutana katika Kiswahili. Tungo ya "Kadenge na mpira" haimdai msikilizaji upatanisho wa kisarufi wowote. Hakuna ngeli ya kukumbuka wala kiambishi cha njeo cha kufasiri. Kuna jina, kuna "na", kuna mpira. Mtu ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni anaipata papo hapo, na mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza anaona utamu wake. Tungo inayowachukua wote hao pamoja ina nafasi kubwa ya kudumu kuliko sentensi kamili iliyo sahihi kwa kila kigezo.

Na imedumu. Leo husikika vinywani mwa vijana waliozaliwa miongo kadhaa baada ya Kadenge kuacha kucheza. Hutumika kwa mwanasiasa aliyeshika jambo na hataki kuliachia, kwa mwanafunzi aliyejitwalia mjadala darasani, kwa mtoto anayepita wenzake uwanjani na chandarua cha makaratasi. Baadhi yao hawajui kwamba Kadenge lilikuwa jina la mtu. Katika isimu, hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha mafanikio ya jina. Katika maisha ya mwenye jina, kipimo hicho kina ubaridi wake.

Baada ya uwanja

Kadenge hakuondoka katika mchezo mara tu miguu ilipochoka. Aliendelea kuwa karibu na timu, na mwaka 2002 alikabidhiwa kwa muda mfupi ukufunzi wa timu ya taifa, Harambee Stars. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye ilikuwa ya mtu wa kawaida wa mjini anayetafuta riziki. Kwa miaka mingi aliendesha teksi jijini Nairobi. Yawezekana kabisa kwamba abiria fulani alikaa nyuma ya gari hilo, redio ikitangaza mechi, asijue kwamba aliyeshika usukani ndiye aliyekuwa akishika mpira.

Katika uzee alipatwa na kiharusi, na afya yake ikazidi kudhoofu. Habari za hali yake na gharama za matibabu zilichapishwa mara kwa mara magazetini, na kila zilipochapishwa zilizua huruma iliyodumu kwa siku chache. Katika miaka yake ya mwisho Rais Uhuru Kenyatta alimtembelea nyumbani kwake Nairobi na kuahidi msaada wa matibabu. Kadenge alifariki dunia Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa kwao Vihiga. Mwezi huohuo, Mike Sonko, aliyekuwa Gavana wa Nairobi wakati huo, alitangaza kwamba uwanja wa City ulioko barabara ya Jogoo utaitwa kwa jina la Joe Kadenge. Mbotela, aliyemwimba, alimfuata tarehe 7 Februari 2025, naye akiwa na miaka 84.

Hali hii si ya Kenya peke yake, wala si ya nchi maskini peke yake. Huko Marekani, ambako neno "football" ni mchezo mwingine wa mpira wa mviringo wa yai unaorushwa kwa mkono, kulikuwa na Johnny Unitas wa timu ya Baltimore Colts. Mwishoni mwa mwaka 1958, Kadenge alipokuwa anaanza kutajwa, Unitas aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa katika mechi ambayo Wamarekani wengi huiita bora kuliko zote. Alikuwa akilipwa, tofauti na Kadenge. Hata hivyo, biashara zake zilianguka na mwaka 1991 alilazimika kuomba mahakama imkinge dhidi ya wadai wake. Mkono wake wa kulia, ule uliomjengea jina, ulipoteza nguvu kwa majeraha ya mchezo hata akashindwa kuutumia ipasavyo. Alifariki mwaka 2002. Fedha zilipunguza umbali baina ya sifa na maisha, hazikuufuta.

Ni kweli pia kwamba mambo yamebadilika kwa baadhi. McDonald Mariga, ambaye baba yake Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na mdogo wake Victor Wanyama alicheza katika ligi kuu ya Uingereza. Ndani ya familia moja, kizazi kimoja kilicheza kandanda ya nyumbani na kizazi kilichofuata kikaifanya kuwa kazi ya maisha. Kadenge alikuwa wa zama zilizotangulia zote mbili.

Methali na maana yake

Methali husema mcheza kwao hutuzwa. Wengine husema mcheza kwao hutunzwa. Kamusi zina nafasi ya yote mawili, na kitenzi "tunza" chenyewe kimepata kutumika kwa maana ya kumpa mtu zawadi, hivyo si lazima kudai kwamba mmoja wa wasemaji amekosea. Asili yake ni uwanja wa ngoma: mchezaji anapocheza mbele ya watu wake, hutokea jamaa akaingia uwanjani na kumtuza fedha hadharani, tofauti na mgeni asiyejulikana na mtu.

Lakini katika Kiswahili cha leo vitenzi hivi viwili vimeachana vya kutosha kutufaa. Kutuza ni tendo la mara moja, hufanywa mbele ya macho ya watu, na anayetuza naye huonekana. Kutunza ni tendo la kila siku, hufanywa faraghani, na kwa kawaida hakuna anayelishangilia. Kadenge alicheza kwao. Alituzwa kwa makofi, kwa jina lililoingia katika lugha, kwa ziara ya kiongozi, na baada ya kufa kwake kwa uwanja uliotangazwa kuitwa jina lake. Hakuna sababu ya kudharau tuzo hizo. Swali la methali ni je, kati ya tuzo moja na nyingine, nani alimtunza? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ni yeye mwenyewe na jamaa zake.

Lugha haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Lugha ilifanya kazi yake: ilimhifadhi mtu katika mizani saba, ikampeleka hadi Hola na kwingineko ambako miguu yake haikufika. Kinachotakiwa ni watumiaji wake kutodhani kwamba kulitaja jina ni sawa na kumjali mwenye jina. Anayesema "Kadenge na mpira" kwa miaka hamsini anaweza kudhani kwamba Kadenge yupo salama, kwa kuwa yupo kinywani mwake kila siku.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tungo fupi ya uwanjani ina mambo ya kumshughulisha mwanafunzi wa mizani, wa sarufi, wa isimujamii na wa methali kwa wakati mmoja. Yapo mambo mawili ambayo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuyafanya bila kungoja fedha nyingi. La kwanza ni kukusanya istilahi na tungo za utangazaji wa mpira kutoka kwa wasikilizaji wa zamani, hasa wa sehemu zilizokuwa mbali na viwanja, kama bonde la Tana, ambako redio ndiyo iliyokuwa uwanja. Wasikilizaji hao wanazeeka, na kumbukumbu zao hazikurekodiwa. La pili ni kukusanya majina. Katika kila mji, Hola ukiwemo, wapo wachezaji wa zamani ambao mashabiki wao wangali wanawasimulia jioni barazani. Mtafiti anapokwenda kuandika alichoambiwa juu ya mchezaji kama huyo, na aulize pia anakaa wapi na hali yake ikoje, kisha afike kwake kumsalimu.